Tom Stephenson, mutoto wa kiwanda aliyefungulia wafanyakazi milima

Baba na mama mu kambi za mine, leo tunawaletea maisha ya mutu mumoja wa Uingereza. Jina lake Tom Stephenson. Hakuchimba shaba wala makaa, lakini maisha yake mutayafahamu mbio, sababu alianza kazi angali mutoto, alijua saa ndefu na mushahara mudogo, tena alijua ile hamu inayoshikaka mutu siku ya mapumziko: kutoka mu moshi na kelele, kwenda mbali kidogo, kupumua hewa safi. Alikufa mu mwaka 1987. Mupaka leo watu wa Uingereza wanatembea juu ya milima kwa uhuru ambao yeye aliutafutia kwa miaka zaidi ya makumi matano. Na ule uhuru uko na sheria zake. Njo zile tunapenda kuzieleza pia, sababu uhuru bila adabu haukawiake.

Siku ya posho ya kwanza

Tom alizaliwa mu mwaka 1893 mu mji wa Chorley, jimbo la Lancashire, upande wa kaskazini ya Uingereza. Wakati ule Lancashire ilikuwa inchi ya viwanda vya pamba. Vitambaa vyake vilikuwa vinauzwa dunia nzima, na mingi vilifika Afrika, mama zetu wakavivaa. Mashini zilikuwa zinaendeshwa kwa moto wa makaa, na makaa yalitoka chini ya udongo wa jimbo lile lile. Mu mji kama Burnley, mutu wa kiwanda na mutu wa shimo walikuwa wanakaa barabara moja, watoto wao wanacheza pamoja, na masizi ya moshi yalikuwa yanaangukia nguo za wote.

Familia ya Tom ilikuwa na watoto wengi. Alipofika miaka 13 aliacha masomo, akaingia mu kiwanda cha kupiga rangi vitambaa ku Whalley. Alikuwa mwanafunzi wa kazi, akitumika saa zaidi ya 60 kwa juma, kwa feza kidogo sana. Wengi waliingia vile, wakatoka wazee, bila kuona kitu kingine.

Lakini siku ya posho ya kwanza, kazi ilipoisha, Tom hakurudi moja kwa moja nyumbani. Karibu na Whalley kuko mulima mumoja unaoitwa Pendle. Si mulima mukubwa sana, una metre 557 tu. Tom alipanda peke yake. Alipofika juu aliangalia upande wa kaskazini, akaona milima kufwatana na milima, mingine na teluji juu, inaenda mupaka mwisho wa macho. Yule mutoto, ambaye juma nzima aliona paka ukuta na moshi, alielewa siku ile kama dunia ni kubwa kuliko kiwanda. Toka pale, kila wakati alipopata nafasi, alikuwa anaenda mulimani.

Inchi ya wote iliyofungwa

Sasa, alipoanza kutembea, aliona shida moja. Milima ile mizuri ilikuwa na vibao vya kukataza watu. Mingi ilikuwa imefungwa.

Tueleze kidogo sababu. Zamani mu Uingereza, sehemu kubwa za mbuga na milima zilikuwa zinatumiwa na wanakijiji wote pamoja: wanalisha kondoo, wanakata nyasi na kuchimba udongo wa kuwashia moto. Kiisha, mu karne ya 18 na ya 19, Bunge lilitoa sheria moja kwa moja, moja kwa moja, za kugawanya zile inchi na kuzitia mupaka. Wakubwa wakapata karatasi, watu wadogo wakabaki na barabara. Mu milima ya Pennines, ambayo iko kama mugongo wa Uingereza ya kaskazini, wenyewe walifuga ndege fulani wa jamii ya kwale. Kila mwaka, toka tarehe 12 ya mwezi wa nane, walikuwa wanakuja na warafiki wao kuwapiga bunduki. Siku zile zilikuwa kidogo tu, lakini mulima ulifungwa mwaka mzima, na askari wa pori wenye fimbo na mbwa walikuwa wanafukuza kila mupita njia. Sehemu zingine zilifungwa na makampuni ya maji, wakisema kama miguu ya watu itachafua maji ya kunywa.

Ona vile ilikuwa. Chini mu bonde kulikuwa mamia ya maelfu ya wafanyakazi wamefungana mu nyumba ndogo. Juu, kilometa kidogo tu, kulikuwa mbuga kubwa tupu, na hakuna ruhusa ya kukanyaga. Toka mwaka 1884 mudepite mumoja, James Bryce, aliomba Bunge litoe sheria ya kufungulia watu milima. Sheria ikakataliwa. Ikarudishwa mara mingi, ikakataliwa mara mingi.

Masomo, vita na buloko

Tom alipenda kujua vitu alivyoona njiani. Alijiuliza sababu gani jiwe la mulima huu ni jeupe, na la mulima ule ni jeusi, sababu gani maji yanaingia mu shimo na kutokea mbali. Ninyi mu mine munafahamu maulizo ya namna ile. Akaanza masomo ya jioni, kiisha kazi, akijifunza jeoloji, elimu ya mawe na udongo. Alijikaza mupaka akapata bursi ya kuenda kusoma London, mu masomo makubwa. Kwa mutoto wa kiwanda, ile ilikuwa kama mulango wa mbingu kufunguka.

Lakini vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imekwisha kuanza. Mu mwaka 1916 serikali ya Uingereza ilitoa sheria ya kuita vijana wote kwa nguvu mu jeshi. Tom alikuwa mutu wa sindika na wa siasa ya wafanyakazi, na zamiri yake ilikataa kuua mufanyakazi mwenzake wa inchi ingine. Alikataa kuvaa nguo za askari. Wakamushika, wakamufunga mu buloko ya Wormwood Scrubs ku London, na kazi nguvu. Bursi ikapotea. Hakusoma tena mu ile shule kubwa.

Hapa wasomaji wetu wanaweza kusema alijiharibia. Wengine wakati ule walimuita mwoga. Sisi tunaona kama mutu anayekubali kupoteza kitu alichotamani kuliko vyote, kwa sababu ya zamiri yake, si mwoga. Na vita ya kufungulia watu milima ilitaka mutu wa namna ile, anayeweza kungojea miaka 30 bila kuvunjika moyo na bila kupiga mutu.

Barua ya wasichana wawili

Kiisha vita, Tom alitumikia chama cha wafanyakazi, akiandaa uchaguzi. Mu miaka ya 1930 akaingia mu kazi ya jurnali. Aliandika mu Daily Herald, ambayo ilikuwa jurnali ya wafanyakazi, ikisomwa na watu wa viwanda na wa mashimo ya makaa. Yeye alikuwa anaandika juu ya matembezi: njia gani ni nzuri, treni gani inafika pale, wapi mutu anaweza kulala kwa bei ndogo.

Miaka ile kazi ilipotea mu Uingereza yote. Viwanda vilifunga, vijana wakabaki bila kazi, na wengi walienda kutembea mulimani kwa sababu kutembea hakuombi feza. Mu tarehe 24 ya mwezi wa ine 1932, vijana karibu 400, wengi wao toka Manchester, walipanda mulima Kinder Scout kwa makusudi, mbele ya macho ya askari wa pori. Kiongozi wao alikuwa kijana Benny Rothman, mwenye miaka 20, mutu wa garaji. Wakapigana kidogo na walinzi. Vijana tano wakapelekwa mu tribinali na kufungwa, mwezi mbili mupaka mwezi sita.

Tom hakuwa kati yao. Tena alikuwa na shaka juu ya njia yao. Aliona kama kelele ya siku moja haitoshi, na kama kazi ndefu ya wale walioandika barua, kuchora karata na kuzungumuza na madepite njo itafungua mulango. Watu wamebishana juu ya ile mupaka leo. Sisi tunaona kila mumoja alileta tofali lake: wale vijana walifanya inchi nzima isikie kilio, na watu kama Tom wakafanya kilio kigeuke sheria.

Siku moja wasichana wawili wa Marekani walimuandikia Tom barua. Walikuwa wanakuja Uingereza, walitaka kutembea kwa miguu siku mingi. Mu kwao kulikuwa njia ya miguu ya zaidi ya kilometa 3.000, inayofwata milima ya Appalachian. Wakamuuliza kama Uingereza iko na njia ya namna ile. Tom alipashwa kujibu hapana. Lakini lile ulizo halikumutoka mu kichwa. Mu mwezi wa sita 1935 akaandika mu Daily Herald kama Uingereza pia inahitaji njia ndefu, itakayofwata mugongo wa Pennines mupaka mupaka wa Scotland. Hakuomba barabara ya mawe wala majengo. Aliomba alama ndogo tu juu ya karata, na miguu ya watu ingemaliza kuichora juu ya udongo.

Miaka 30 ya subira

Toka kalamu mupaka njia, ilichukua miaka 30. Mu 1938 vikundi vya watembezi vilikutana mu kijiji cha Hope na kuanzisha chama cha ile njia, yaani Pennine Way. Walipopima, waliona kama sehemu kubwa ya njia ilikuwa tayari, ilibaki karibu kilometa 110 kuomba ruhusa. Lakini zile kilometa zilikuwa ngumu, sababu zilipita hasa mu milima iliyofungwa.

Mu 1939 Bunge lilitoa sheria juu ya milima. Watu walishangilia, kiisha wakasoma vizuri. Wakubwa walikuwa wameigeuza: mutu anayekanyaga pale asiporuhusiwa angeweza hata kupewa azabu ya tribinali. Tom aliipinga kwa nguvu. Alisema kama sheria mubaya yenye jina nzuri ni mutego. Ile sheria haikutumika, ikafutwa mu 1949. Ndugu wafanyakazi, hapa kuko fundisho: soma karatasi mupaka mwisho mbele ya kupiga makofi.

Kiisha vita ya pili, chama cha wafanyakazi kilishika serikali. Tom akawa katibu wa chama kikubwa cha watembezi, toka 1948 mupaka 1969. Mu ule mwaka 1948 alifanya kitu cha akili. Alikamata madepite, akawavalisha viatu vya mulima, akawapeleka kutembea siku mingi kwa miguu juu ya Pennines. Kati yao kulikuwa Hugh Dalton, ambaye mbele kidogo alikuwa minisitri wa feza, na Barbara Castle, mwanamuke aliyekuja kuwa minisitri mukubwa. Jurnali zikapiga picha. Mudepite aliyelowa mvua juu ya mulima hasahau, na aliyeona kibao cha kukataza kwa macho yake hahitaji maneno mingi.

Mwaka uliofwata, 1949, Bunge likatoa sheria ya maparke ya taifa na ya kufikia inchi ya milima. Parke ya kwanza, Peak District, ilifunguliwa mu 1951. Pennine Way ikakubaliwa pia, lakini ilipashwa kuzungumuza na mwenye shamba mumoja mumoja. Mwisho wake, tarehe 24 ya mwezi wa ine 1965, watu wengi walikusanyika juu ya mbuga ya Malham, na njia ikafunguliwa. Ilikuwa miaka 33 kamili toka siku ya wale vijana wa Kinder Scout. Njia inaanza ku Edale, karibu na Kinder, inamalizika ku Kirk Yetholm mu Scotland, kilometa karibu 430. Tom alikuwa na miaka 72. Mu 1969 kitabu chake cha kuongoza watembezi wa ile njia kikatoka.

Lakini hakuridhika. Njia ni uzi mwembamba, na kandokando yake milima mingi ilibaki imefungwa, sababu sheria ya 1949 iliacha wenyewe wakubali ao wakatae. Tom aliendelea kusema na kuandika mupaka uzee. Alikufa mu 1987, na miaka 94, bila kuona mwisho. Sheria aliyoitamani ilikuja mu mwaka 2000, na ikaanza kutumika kati ya 2004 na 2005. Toka pale, mu Uingereza na Wales, milima, mbuga na inchi za pamoja zilizoandikwa juu ya karata zikawa inchi wazi. Mutu anaweza kutembea pale bila kubaki juu ya njia. Mu Uingereza peke yake ni zaidi ya hekta 800.000.

Inchi wazi haina maana ya inchi bila mwenyewe

Sasa tunafika ku jambo tunalotaka wasomaji washike vizuri. Ile sheria haikunyanganya wenyewe udongo wao. Mufugaji angali na kondoo wake, mukubwa angali na mulima wake. Sheria inapatia mupita njia haki moja: kutembea na kupumzika, kuangalia ndege, kula chakula chake, kukimbia kama anapenda. Mutu haruhusiwi kuingiza motokari wala kinga wala farasi. Haruhusiwi kuwasha moto, wala kujenga hema kulala, wala kuwinda. Nyumba, bustani na mashamba ya kulima hayamo. Machimbo ya mawe na ya madini pia hayamo, na ninyi munajua sababu: mulipuko haubagui mufanyakazi na mutalii. Mwenyewe anaweza pia kufunga sehemu siku 28 kwa mwaka. Na mutu akivunja masharti, haki yake inaisha pale pale. Anapashwa kutoka, na hawezi kurudi mu ile inchi kwa saa 72.

Tueleze sababu za masharti matatu, ili musifikiri ni amri bure.

Ya kwanza ni mbwa. Toka tarehe 1 ya mwezi wa tatu mupaka tarehe 31 ya mwezi wa saba, mbwa anapashwa kufungwa kamba fupi, isiyopita metre 2. Ni wakati ndege wa mbuga wanatagia mayai chini, mu majani. Mbwa anayezungukazunguka anafukuza mama, mayai yanapoa, watoto wanakufa. Na karibu na kondoo, mbwa afungwe kamba mwaka wote. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kutupa mimba, hata kama mbwa hakumuuma. Kwa mutembezi ni muchezo wa dakika mbili. Kwa mufugaji ni mushahara wa mwaka.

Ya pili ni milango ya uzio. Kanuni inasema uache mulango vile uliukuta. Kama ulikuwa umefungwa, funga. Kama mufugaji aliuacha wazi, acha wazi, sababu pengine kondoo wanapita pale kwenda ku maji. Mutu wa mji anafikiri anasaidia akifunga, kumbe anaua kwa kiu.

Ya tatu, na ya hatari kuliko zote, ni moto. Juu ya Pennines udongo si udongo kama wa kwetu. Ni majani yaliyooza polepole mu maji, ikakuwa kitu cheusi na laini, kinachoongezeka karibu milimetre 1 kwa mwaka. Metre moja inataka miaka 1.000. Watu wa mine wataelewa tukisema ile njo mutoto wa makaa ya mawe: ikifunikwa na kugandamizwa miaka milioni na milioni, inageuka makaa. Kwa hiyo inawaka. Ikishika moto wakati wa jua, moto unaingia chini na kutembea bila kuonekana. Mu mwezi wa sita 2018, mbuga ya Saddleworth, karibu na Manchester, iliungua siku mingi. Wazima moto walishindwa peke yao, askari wa jeshi wakaja kusaidia, na watu wakatolewa mu nyumba sababu ya moshi. Udongo uliochukua karne mingi unaweza kuondoka mu siku moja.

Mawe ya kiwanda

Kuko jambo lingine, na hili linamugusa Tom mwenyewe. Alitumaini kama miguu ya watembezi ingechora njia juu ya udongo. Miguu ilichora, na ikapitisha. Watu walikuja maelfu na maelfu. Ule udongo laini ukavunjika, ukageuka matope. Mutu akiona matope anapita kando, anaharibu majani ya kando. Wa nyuma anapita kando zaidi. Mu sehemu zingine njia ya mutu mumoja ikawa pana kuliko barabara ya motokari, na mvua ikaanza kubeba udongo. Hakuna mumoja kati yao aliyefanya vibaya. Kila mumoja alipiga hatua moja tu kando.

Dawa ilipatikana mu mahali pa ajabu. Viwanda vya pamba vya Lancashire vilikuwa vinakufa na kubomolewa. Chini mulikuwa mawe mapana, bapa, yaliyokanyagwa na wafanyakazi zaidi ya miaka mia. Wakayabeba mengine kwa elikopta mupaka mulimani, wakayapanga mu matope, moja mbele ya lingine. Leo mutu anatembea juu yao na miguu mikavu, na kando majani yameota tena. Yale mawe ambayo watoto kama Tom walisimama juu yao saa 60 kwa juma, njo yanawapeleka watoto wa watoto wao ku hewa safi. Sisi tunaona malipo ya namna ile hayapatikanake mu bahasha ya mushahara.

Na sisi huku?

Kwetu hakuna sheria kama ile ya Uingereza, na pori letu si mbuga ya Pennines. Lakini pori liko na wenyewe: shefu wa udongo, watu wa kijiji, mama mwenye shamba la mihogo. Siku ya Mungu, ao wakati wa konji, wengi wenu munatoka mu cité na watoto, munaenda ku muto, ku kilima, kutafuta uyoga wakati wa mvua. Ni vizuri sana. Mapafu yaliyokula vumbi juma nzima yanahitaji ile. Basi, ukipita mu kijiji, salimia wazee na useme unaenda wapi. Pita kando ya shamba, usikate katikati. Moto uliopikia nyama, uuzime kwa maji mupaka majivu yapoe mu mukono wako, zaidi mu miezi ya jua kali wakati nyasi zote ni kavu. Machupa na makopo uliyobeba yakiwa mazito, hayakushindi kuyarudisha yakiwa matupu. Na watoto wakiona kiota, waangalie na waache.

Tom Stephenson alipoteza masomo yake, alikaa mu buloko, alingojea miaka 30 kwa njia moja, na alikufa mbele ya sheria aliyoililia. Alifanya vile ili mutu asiye na feza apate mahali pa kutembea. Wale wanaotembea pale sasa wanamulipa kwa namna moja tu: wanapita, na wa nyuma anakuta mahali pangali pazuri. Baba na mama, tukitoka mu pori jioni, tuangalie nyuma yetu tunaacha nini.